Ringi haijabana: dhana potofu kuhusu goli la kikapu

Mzazi mwingine amenivuta pembeni baada ya mazoezi ya mpira wa kikapu. "Kocha, hii ringi si ndogo mno? Mpira unapita kwa kubanwa. Ndiyo maana mwanangu anakosa." Kauli hii nimeisikia mara nyingi hadi naweza kuimalizia kabla msemaji hajavuta pumzi.

Tuanze na tepu ya kupimia. Kipenyo cha ndani cha ringi, ule mduara wa chuma mpira unamopita, ni sentimita 45. Mpira namba 7, ule wa wanaume, una kipenyo cha sentimita 24 hivi. Zinabaki sentimita 21, karibu upana wa mpira mwingine. Wapo pia wa upande wa pili, wanaoapa kwamba mipira miwili inapita sambamba. Haipiti, maana 24 mara mbili ni 48. Lakini kubanwa? Hapana.

Ila hizo sentimita 45 ni za anayeitazama ringi kutoka juu. Vua bangili, ishike usawa wa jicho, ilale kama sahani mezani. Unaona nini? Mstari. Ishushe kidogo, mstari unafunguka kuwa kama yai jembamba. Ishushe hadi kifuani, sasa duara linaanza kuonekana. Na mpira nao hivyo hivyo. Ukishuka wima, ringi yote ni yake. Ukishuka kwa nyuzi 45, uwazi ulio mbele yake ni sentimita 32 hivi, bado raha mustarehe. Ukija kwa nyuzi 30, uwazi unabaki sentimita 22 na nusu, na mpira ni 24. Huo hauingii bila kugonga chuma, hata ukilengwa na malaika.

Kwa hiyo anayeibana ringi ni mrushaji mwenyewe. Anaamini kwamba mpira ulionyooka na wenye nguvu ndio wenye shabaha, basi anauvurumisha kama anayempiga mbwa jiwe. Unagonga ukingo wa mbele, unarudi kama ulivyokwenda. Anakunja uso na kuitazama ringi, na baba yake jukwaani anaitazama pia.

Dawa yangu ni moja na wachezaji wangu wameichoka. Simama kwenye mstari wa mitupo huru, ile inayorushwa bila mtu kukuzuia, mita 4.6 kutoka kwenye ubao ulio nyuma ya ringi. Kiwiko chini ya mpira, magoti yaanze kazi kabla ya mkono, kisha urushe mpira upae hadi kilele chake kifike usawa wa ukingo wa juu wa ubao, karibu mita 4 kutoka sakafuni. Hapo utashuka kwa nyuzi 45 au karibu na hapo. Usiniulize kwa nini tusiurushe hadi darini: ukipanda mno, kosa dogo la kidole linakuwa kosa kubwa unapofika chini. Rick Barry alirusha mitupo huru yake ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa mikono miwili, kutoka chini kwenda juu, mtindo ambao wenzake waliuona wa kitoto. Karibu 9 kati ya kila 10 iliingia. Simlazimishi mtu kumwiga, lakini mpira wake ulipanda na ukashuka kwa upole.

Mengine niyapitie haraka. "Ubao ni wa wanaojifunza." Upuuzi. Ukiwa pembeni na karibu, ule mstatili uliochorwa kwenye ubao ndio rafiki yako, na mkongwe anayeuonea haya anajinyima pointi. Ubao wenyewe uliletwa ili kuwazuia watazamaji waliokaa roshanini wasiuchezee mpira uliokuwa ukienda golini.

"Mpira ukiwa juu ya ringi hauguswi." Inategemea mnacheza kwa sheria za nani. NBA, marufuku. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mpira uliorushwa golini ukishagusa ringi unaruhusiwa kuusukumia ndani au kuufagilia mbali. Wachezaji wanaojifunza sheria kwenye televisheni husimama wakiutazama huku mpinzani akiufagia.

"Mpira wa pete ni kikapu cha wanawake." Hapa majina yenyewe yanavuruga, maana ringi ni pete, goli tunaliita kikapu, na mabondia nao wana ringi yao. Mpira wa pete ni mchezo mwingine kabisa: pete yake ni sentimita 38, na nyuma yake hakuna ubao. Wanawake wanaocheza kikapu hutumia ringi ile ile ya wanaume, kimo kile kile cha mita 3.05. Kinachobadilika ni mpira tu, namba 6.

Na hicho kimo, watu hudhani kilipigiwa hesabu na wataalamu. Mwezi Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, James Naismith, aliyeuanzisha mchezo huu, alipigilia vikapu vya mapichi kwenye reli ya roshani ya ukumbi wa mazoezi. Reli ilikuwa futi 10 kutoka sakafuni. Basi. Vikapu vilikuwa na kitako, kwa hiyo kila goli lilimtaka mtu apande kuutoa mpira.

Sasa niambie kwa nini mtoto wa miaka 8 atoane jasho na reli ya Naismith. Mchezo wa kikapu wa watoto una ringi ya mita 2.60 na mpira namba 5, lakini nikiishusha, wazazi wananuna kana kwamba nimewatukana. Mtoto aliyepewa mpira mzito na ringi ya mbali hana nguvu za kuupandisha, kwa hiyo anausukuma kutoka begani, umenyooka, na tabia hiyo ndiyo nitakayohangaika nayo akifika miaka 15.

Yule mtoto wa mzazi aliyenivuta pembeni nilimshushia ringi. Siku ya tatu mpira ulipanda, ukageuka, ukapita katikati bila kugusa chuma, nyavu zikalia. Baba mtu akapiga makofi, kisha akanisogelea.

"Sasa kocha, tunaipandisha lini?"