Je, wajua kwa nini muuaji wa Charleston hakushtakiwa kwa ugaidi?

Usiku wa 17 Juni 2015, Dylann Roof, kijana mzungu wa miaka 21, aliingia katika kanisa la Emanuel AME mjini Charleston, Carolina Kusini. Aliketi karibu saa nzima na waumini weusi waliokuwa kwenye darasa la Biblia, kisha akatoa bastola. Waliuawa watu 9, akiwemo mchungaji wao, Clementa Pinckney, aliyekuwa pia seneta wa jimbo. Nia haikuwa fumbo: katika maandishi aliyoweka kwenye tovuti yake, Roof alieleza anavyowachukia watu weusi na kwa nini aliichagua Charleston. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa makosa 33 ya serikali kuu. Neno ugaidi halimo hata katika kosa moja.

Jibu lililosikika zaidi mitaani lilikuwa fupi: angekuwa Mwislamu, angeitwa gaidi kabla ya jua kuchomoza. Kuna ukweli hapo. Ila ukiishia hapo utadhani kasoro iko midomoni mwa watangazaji tu, kumbe imejengwa ndani ya sheria yenyewe.

Tangu 2001, sheria ya Marekani ina tafsiri ya ugaidi wa ndani. Kitendo kiwe cha hatari kwa maisha na kivunje sheria ya jinai. Kionekane kimekusudiwa kuwatisha raia, au kuishinikiza serikali kwa vitisho au kwa mauaji ya viongozi. Na kitokee hasa ndani ya nchi. Kwa kipimo hicho, Charleston inaingia bila kusukumwa. Tatizo ni kwamba tafsiri hiyo haina adhabu. Inaweza kumsaidia mpelelezi kufungua jalada na kuomba vibali vya upekuzi, lakini mwendesha mashtaka hawezi kumpandisha mtu kizimbani kwa kosa liitwalo ugaidi wa ndani, kwa sababu kosa hilo halimo vitabuni.

Makosa ya ugaidi yenye adhabu yapo, na mengi yanategemea silaha iliyotumika au aliyeshambuliwa: bomu, silaha za kemikali, ndege, maofisa wa serikali kuu. Ndiyo maana Timothy McVeigh, mzungu aliyelipua jengo la serikali Oklahoma City mwaka 1995 na kuua watu 168, alipatikana na hatia ya kutumia silaha ya maangamizi. Bastola iliyoelekezwa kwa raia wa kawaida wanaosali haimo katika orodha hiyo. Kwa Roof zilibaki sheria za uhalifu wa chuki, za kuzuia watu kuabudu, na za matumizi ya silaha. Adhabu haikuwa ndogo, kwani alihukumiwa kifo Januari 2017. Kilichokosekana ni jina.

Sasa tazama upande wa pili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina orodha ya makundi ya kigeni ya kigaidi. Al-Shabaab wamo tangu 2008. Anayelipatia kundi la orodha hiyo msaada wa hali na mali (fedha, silaha, mafunzo, malazi, hata kujitoa yeye mwenyewe kulitumikia) anaweza kufungwa hadi miaka 20, au maisha iwapo mtu amekufa. Tarehe 31 Oktoba 2017 mtu aliwagonga watu kwa lori la kukodi Manhattan, akaua 8. Kesho yake tu alishtakiwa kwa kuisaidia ISIS. Orodha kama hiyo haipo kwa makundi ya ndani, kwa kuwa katiba inalinda uhuru wa maoni na wa kujumuika, hivyo Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi la wazungu, halimo. Sheria haitaji rangi wala dini ya mtu. Lakini mwenye itikadi iliyotoka nje anakutana na mlango wa ugaidi ukiwa wazi, na mwenye itikadi iliyozaliwa nyumbani anakuta ukuta.

Hata hivyo, watangazaji na maofisa hawaponi. Siku 3 baada ya Charleston, mkuu wa FBI, James Comey, alisema hakioni kitendo kile kuwa cha kisiasa. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Loretta Lynch, akasema uhalifu wa chuki ndio ugaidi wa ndani wa asili kabisa. Oklahoma, macho yalielekezwa kwanza Mashariki ya Kati, hadi Mmarekani mwenye asili ya Jordan akazuiwa London na kurudishwa kuhojiwa, ilhali McVeigh alikuwa tayari mahabusu kwa sababu gari lake halikuwa na namba. Watafiti waliopitia mashambulizi 136 ya Marekani ya 2006 hadi 2015 walikuta yale yaliyofanywa na Waislamu yaliandikwa kwa asilimia 357 zaidi ya mengine. BBC, kwa upande wake, huwataka waandishi wake wasiseme "gaidi" bila kutaja nani kamwita hivyo, na mwongozo huo hulaumiwa kutoka kila upande.

Mbona basi Bunge lisitunge kosa hilo, mambo yakaisha? Baadhi ya wanaopinga ni watetezi wa haki za weusi na Waislamu wenyewe, pamoja na ACLU, shirika la kutetea uhuru wa raia. Wanahofia kosa hilo litageuzwa dhidi yao, na hofu yao ina mguu wa kusimamia: Agosti 2017, waraka wa FBI uliwaonya polisi kuhusu tishio la "wenye msimamo mkali wa utambulisho wa weusi", wakati wa vuguvugu la kupinga mauaji ya polisi.

Baadhi ya majimbo hayakusubiri. New York ilitunga mwaka 2020 kosa la ugaidi wa ndani unaochochewa na chuki. Tarehe 14 Mei 2022, kijana mzungu aliua watu weusi 10 katika supamaketi ya Buffalo. Novemba alikiri kosa hilo, na Februari 2023 akafungwa maisha. Serikali kuu nayo ilimfungulia mashtaka yake, makosa 27, kwa mauaji yaleyale. Hati ya jimbo inasema ugaidi. Ya serikali kuu inasema chuki na silaha.