Milipuko ya Eksirei Kwenye Nyota za Nyutroni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Neno "mlipuko" ndilo linalowapotosha wengi. Wakisikia kwamba nyota ya nyutroni imelipuka, hudhani imesambaratika na habari yake imekwisha, ilhali kinacholipuka ni tabaka jembamba la gesi lililo juu ya uso wake. Nyota hiyo ni tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 na ushei ambamo imeshindiliwa maada inayolizidi Jua kwa uzito, nayo huinyonya gesi nyota nyepesi inayozungukana nayo. Haidrojeni na heliamu hurundikana, hukandamizwa na uvutano mkali na kupata joto, hadi heliamu inapowaka karibu yote kwa mkupuo, yaani viini vya atomi zake vinapoungana kwa mmenyuko wa nyuklia. Mng'ao wa eksirei (miale isiyoonekana kwa macho, kama ile ya kupigia picha za mifupa) hupanda ndani ya sekunde chache, hufifia kwa makumi ya sekunde, kisha mrundikano huanza upya. Chanzo kimoja cha eksirei kiitwacho GS 1826-24 kililipuka kwa miaka mingi kwa vipindi vilivyolingana mno, hata wanaastronomia wakakifananisha na saa.

Dhana nyingine imejificha zaidi, nami naiona ndiyo yenye mafunzo mengi: kwamba eksirei zote za mifumo hii hutokana na nyuklia. Sivyo. Protoni moja, yaani kiini cha haidrojeni, inapoangukia uso wa nyota ya nyutroni hutoa takribani elektronivolti (kipimo cha nishati) milioni 200, lakini ikiungana na nyingine katika viini vizito hutoa milioni chache tu. Ndiyo maana nishati inayotoka kati ya mlipuko mmoja na mwingine huwa mara 40 hadi 100, au zaidi, ya ile ya mlipuko wenyewe. Lau gesi ingeungua polepole kadiri inavyoanguka, mchango wa nyuklia ungemezwa na mng'ao wa kudumu wa gesi inayoanguka. Tunauona kwa sababu tu umewekwa akiba kwa saa nyingi ukaachiliwa kwa sekunde chache.

Wala si kila mlipuko wa eksirei ni wa nyuklia. Chanzo MXB 1730-335 hutoa pia milipuko ya haraka inayosababishwa na gesi kuanguka kwa mafungu. Anayetaka kuitofautisha hutazama halijoto: katika mlipuko wa nyuklia uso hupoa kadiri mng'ao unavyofifia.

Wapo pia wanaoamini kwamba darubini kubwa ya ardhini ingetosha kuitazama milipuko hii. Angahewa huzizuia eksirei, na milipuko hii iligunduliwa kwa setilaiti, mojawapo ikiwa ANS ya Uholanzi iliyoinasa mwaka 1975 kutoka chanzo 4U 1820-30. (Herufi U katika jina hilo ni ya Uhuru, setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya tarehe 12 Desemba 1970.) Hata hivyo darubini za ardhini zina kazi yake, kwani eksirei hulipasha joto sahani la gesi linaloizunguka nyota, na mwako wa mwanga wa kawaida huonekana ukichelewa kwa sekunde chache.

Mwisho, muda kati ya milipuko miwili iliyorekodiwa si lazima uwe muda halisi wa kujirudia kwake. Setilaiti iliyo karibu na Dunia huizunguka kwa takribani dakika 90, na kwa sehemu ya kila mzunguko Dunia yenyewe huweza kukificha chanzo kinachotazamwa. Pengo la saa nane linaweza kuwa mapengo mawili ya saa nne, mlipuko wa katikati ukiwa umetokea wakati chombo hakioni.