Zebaki, risasi na vumbi la mawe: maswali na majibu kuhusu afya ya wachenjuaji wa madini na majirani zao

Anayepata sumu zaidi ni nani, anayeshuka shimoni au anayebaki juu?

Shimoni kuna hatari zake: kifusi kuporomoka, hewa kupungua, maji kujaa ghafla. Lakini tukizungumzia sumu, nyingi huanzia juu. Mwamba usioguswa hushikilia risasi (metali nzito), aseniki na salfa yake bila kumdhuru mtu. Madhara huanza jiwe linaposagwa kuwa unga, unga unapotiwa kemikali, donge la dhahabu iliyonaswa kwa zebaki linapochomwa ili zebaki itoke, na mabaki yanapoachwa yakipigwa na mvua na upepo. Shimo huwezi kulihamisha, ila kazi hizi nne zinahamishika. Zinaweza kufanyika mbali na makazi, na zinaweza kufanyika uani, watoto wakicheza hapo hapo. Maafa mengi makubwa ya kiafya katika uchimbaji mdogo yalitokana na chaguo hilo la pili.

Zebaki huingiaje mwilini? Mbona watu wanaishika kwa mikono na hawaumwi?

Njia kuu ni pua. Zebaki iliyo majimaji ikimezwa, tumbo hufyonza chini ya asilimia 0.01 yake. Mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Ndiyo maana mtu anaweza kuishika miaka mingi akadhani ni salama, kumbe kinachomdhuru ni kile asichokiona. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Hutoka hata chupa ikiwa wazi tu chumbani, na ukiichoma hutoka kwa wingi, kwa sababu zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za selsiasi, joto ambalo moto wa mkaa hulifikia bila shida.

Anayechoma hupata kiasi kikubwa, lakini hayuko peke yake. Mvuke ukipoa hugeuka tena kuwa vitone vidogo mno, vinavyotua kwenye paa, nguo, nywele na vyombo. Joto la mchana hivyo vitone huvirudisha hewani. Nyumba iliyochomewa dhahabu jana, leo bado ina sumu. Mtoto huathirika zaidi, maana kwa uzito wake anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Kinachouzuia ni kinyago cha mpira chenye kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya zebaki, chenye mkaa uliotiwa salfa au iodini, tena kibadilishwe kwa muda uliowekwa na mtengenezaji.

Dalili ni zipi, na kipimo gani kinafaa?

Aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja huanza kuumwa ndani ya saa chache: kikohozi, kifua kubana, homa, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni. Dalili hizi hufanana na nimonia au malaria, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa hizo. Mwambieni mhudumu wa afya waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa akichoma dhahabu au alikuwa karibu na aliyekuwa akichoma. Bila taarifa hiyo ni vigumu kwake kuitambua sumu.

Anayevuta kidogo kidogo kwa miaka hubadilika polepole. Vidole hutetemeka, mwandiko huharibika, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, fizi huvimba, naye huwa mwenye hasira au mwenye kujitenga na watu. Figo zikiguswa, protini huonekana kwenye mkojo.

Kwa zebaki ya mvuke, kipimo kinachofaa ni cha mkojo. Kwa zebaki iliyotoka kwenye samaki, hupimwa damu au nywele. Kabla ya kutoa mkojo, vua nguo za kazi, oga, nawa mikono kwa sabuni, na ukautolee mbali na machimbo. Vumbi kidogo tu likidondokea kwenye chupa, majibu yatakuwa ya vumbi, siyo ya mwili wako.

Ni kweli maziwa yanaondoa sumu ya zebaki?

Hapana. Maziwa hayaufikii mvuke uliokwisha kuingia kwenye damu kupitia mapafu. Kinachosaidia kwanza ni kuacha kuuvuta: mwili hupunguza karibu nusu ya zebaki iliyomo kila baada ya miezi miwili hivi. Zipo dawa zinazonasa metali na kuzitoa kwa mkojo, lakini hutolewa hospitali, kwa uangalizi, na hazina maana kwa mtu anayerudi kuchoma kesho yake.

Retoti inafanyaje kazi, na watu hukosea wapi?

Retoti ni chombo cha chuma kinachofungwa ili mvuke usitoke hewani, bali upite kwenye bomba, upoe, na urudi kuwa zebaki. Ina sehemu tatu: chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobanwa kwa skrubu, bomba linaloinamia chini, na chombo cha maji cha kupokelea. Iliyofungwa vizuri hunasa takriban asilimia 95 ya zebaki, na zebaki hiyo hutumika tena.

Anza kwa kulikamua donge ndani ya kitambaa kigumu, ukiwa umevaa glavu, mpaka zebaki ya ziada iishe. Donge lililokamuliwa vizuri bado ni karibu nusu zebaki kwa uzito. Liweke chunguni, funga kifuniko, kagua viungo vyote. Lipoze bomba kwa kitambaa kibichi kinachomwagiwa maji muda wote. Washa moto chini ya chungu na uuongeze taratibu. Matone yakikoma kabisa, zima moto, kisha subiri chungu chote kipoe ndipo ufungue.

Kosa la kwanza ni kufungua kikiwa bado cha moto. Mvuke uliobaki ndani hutoka wote kwa pamoja, na aliyeinama kutazama dhahabu yake ndiye anayeuvuta. La pili ni hatari zaidi: kuzamisha ncha ya bomba ndani ya maji. Moto ukipungua, chungu huvuta maji hayo kurudi ndani. Yakikutana na chuma cha moto hugeuka mvuke papo hapo, na chombo kinaweza kulipuka. Ncha ikae juu kidogo ya maji, ifunikwe kwa kitambaa kilicholoana. La tatu ni bomba lililoziba, au lililotengenezwa kwa alumini, ambayo zebaki huila. Tumia chuma cha pua au chuma cha kawaida kisichopakwa zinki. Na hata retoti nzuri kiasi gani, isitumike ndani ya nyumba.

Dhahabu iliyotoka kwenye retoti bado ina zebaki kidogo, ambayo hutoka inapoyeyushwa dukani. Ndiyo sababu hewa ya vyumba vya kununulia dhahabu huwa chafu kupita kiasi, hasa visivyo na bomba la kunasa mvuke. Karani asiyewahi kukanyaga machimbo anaweza kuwa na zebaki nyingi mwilini kuliko mchimbaji.

Je, inawezekana kupunguza zebaki, au hata kuiacha?

Inawezekana, na hapa ndipo tungependa nguvu nyingi ielekezwe. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki yaliyoanza kutumika mwaka 2017, unataja mambo manne ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo wa dhahabu: kutia zebaki kwenye mawe yote badala ya kuchuja kwanza, kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi, na kutia sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, kwenye mabaki yenye zebaki ambayo haijaondolewa.

La kwanza ndilo linalopoteza zebaki nyingi zaidi. Ukiimwaga ndani ya kinu pamoja na mawe, husagika ikawa vitone vidogo mno visivyoshikamana tena. Vitone hivyo huondoka na tope, vikibeba na dhahabu ndani yake, kwa hiyo mchimbaji anapata hasara mara mbili. Saga kwanza bila zebaki, pitisha unga kwenye mteremko wenye zulia au kwenye meza ya kutikisa, chuja mpaka ubaki mchanga mzito mchache, ndipo uamue kama zebaki inahitajika. Katika jimbo la Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wamechenjua kwa miaka mingi bila zebaki: huchuja sana, kisha huyeyusha mchanga huo pamoja na boraksi, chumvi inayoshusha joto la kuyeyukia la uchafu na kuutenganisha na dhahabu. Njia hii inataka mchanga wenye dhahabu nyingi. Ukichuja ovyo itakukatisha tamaa.

Watoto wetu hawaendi machimboni. Risasi itawafikiaje?

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Mawe ya dhahabu ya eneo lile yalikuwa na risasi nyingi, na familia zilikuwa zikiyaponda na kuyasaga ndani ya maboma yao. Unga ulitanda uani, watoto wakautia mdomoni kwa mikono. Walipata degedege, na mwanzoni wengi walidhaniwa wana malaria au homa ya uti wa mgongo.

Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Humpunguzia damu na uwezo wa kujifunza, na sehemu inayobaki hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Binti aliyekua nayo akishika mimba, risasi ya mifupani inaweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa mtoto akiwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu, ingawa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kinu kitoke kwenye makazi, wala kisiwekwe upande upepo unakotokea. Kusaga kufanyike na maji. Mfanyakazi avue nguo na viatu na aoge huko huko kazini. Nguo hizo zifuliwe kwenye beseni lake, zisichanganywe na za mtoto. Nyumbani, deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kukavu, kwa sababu ufagio hurusha hewani kile unachotaka kukiondoa. Mtoto aliyekwisha kuathirika asirudishwe kwenye uwanja ule ule. Udongo wa juu uondolewe na uwekwe mwingine safi kwanza, la sivyo dawa inakuwa kazi bure.

Na hili vumbi la kawaida la mawe?

Si la kawaida likiwa na silika, na mawe mengi ya dhahabu yanayo. Chembe zinazodhuru ni ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa macho. Huingia hadi mwisho wa mapafu, huacha makovu, na makovu hayo hayatibiki. Hufungua pia mlango kwa kifua kikuu, hasa kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Toboa mwamba kwa mashine inayotoa maji, lowesha mawe kabla ya kuponda, na vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana uso. Ndevu huacha upenyo. Mfanyakazi mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe makohozi.

Maji ya kijito ni maangavu, tena tunayachemsha. Bado kuna tatizo?

Linaweza kuwepo. Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa, na bakteria huharakisha kazi hiyo. Asidi huyeyusha metali kutoka kwenye mwamba. Wakati mwingine huacha utando wa rangi ya chungwa kwenye mawe ya kijito, wakati mwingine maji hubaki maangavu kabisa. Kijito maangavu kisicho na wadudu, konokono wala mwani wa kijani ni cha kutilia shaka.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua kwa kuchemka, aseniki iliyomo huongezeka kwa kila lita. Klorini nayo haisaidii hapa. Karatasi ya kupimia asidi itakuambia kama kuna hitilafu, ila maji yasiyo na asidi nayo yanaweza kuwa na aseniki, kwa hiyo maabara haikwepeki. Mwongozo wa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za aseniki kwa lita. Maji ya mvua ni mbadala mzuri, isipokuwa paa liwe karibu na mahali pa kuchomea dhahabu.

Tuache kula samaki?

Msiache, chagueni. Zebaki ikifika kwenye tope la mto au ziwa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hujilimbikiza kutoka kwa wadudu hadi samaki wadogo, hadi samaki walao wenzao. Imo ndani ya nyama, kwa hiyo kukaanga au kutoa ngozi hakuiondoi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wale samaki wadogo na wale wanaokula majani, waepuke wakubwa walao samaki.

Sayanaidi ni salama kuliko zebaki?

Hupotea mapema zaidi, kwa msaada wa jua na hewa, lakini huua haraka. Mwaka 2000 bwawa la mgodi huko Baia Mare, Romania, lilipasuka na kumwaga takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanaidi. Samaki walikufa kwa wingi hadi kwenye mto Tisza.

Kwenye tangi, chokaa, inayozuia asidi, hutangulia, sayanaidi hufuata. Pima pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imeongezeka) kila mara, ibaki juu ya 10.5. Ikishuka hadi karibu 9, nusu ya sayanaidi imekwisha kuwa tayari kutoka kama gesi. Mawe yenye salfa hula chokaa, na mvua huzimua mchanganyiko, kwa hiyo kipimo cha jana si cha leo. Harufu si ya kutegemea, maana wapo watu wasioweza kuisikia kabisa. Mabaki yenye zebaki yasiingie humo: sayanaidi huiyeyusha na kuirahisishia kusafiri majini.

Mwenzako akianguka karibu na tangi, usimkimbilie bila kinyago cha hewa, wala usimpulizie mdomo kwa mdomo. Mpelekeni penye hewa safi, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi, apewe oksijeni na afikishwe hospitali yenye dawa ya sayanaidi. Dawa hiyo iulizieni kabla kazi haijaanza.

Zebaki imemwagika chumbani. Tufanye nini?

Watoe watoto na wajawazito, fungua madirisha, funga mlango wa ndani. Usifagie, maana ufagio huigawa kuwa vitone vingi zaidi. Vua pete na saa, vaa glavu, sukuma vitone pamoja kwa karatasi ngumu, vivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uvitie kwenye chupa ya plastiki nzito yenye maji kidogo juu yake, kisha uifunge. Mulika tochi kwa pembeni, vitone vilivyobaki vitang'aa. Zulia au godoro lililonyonya zebaki liondolewe nyumbani, lisichomwe moto.