Je, wajua? Riwaya ya kupinga uchomaji wa vitabu ilikatwa maneno na mchapishaji wake mwenyewe

Mwaka 1967 kampuni ya Ballantine Books ya Marekani ilitoa toleo la riwaya ya Fahrenheit 451 kwa ajili ya shule za sekondari. Katika toleo hilo, mlevi mmoja aligeuzwa kuwa mgonjwa. Palipotajwa kutoa uchafu kitovuni, pakaandikwa kusafisha masikio. Maneno ya kulaani yakafutwa, na neno la utoaji mimba nalo likaondoka. Mwandishi, Ray Bradbury, alikuja kusema kwamba sehemu zipatazo 75 ziliguswa. Hakuwa ameulizwa hata moja.

Sasa tazama ni kitabu gani kilichofanyiwa hivyo. Kinamhusu Guy Montag, askari wa zimamoto katika Marekani ya siku za usoni, ambako nyumba hazishiki moto tena na kazi ya kikosi chake ni kuchoma vitabu vya watu. (Hapa Kiswahili kinatupa taabu kidogo: kwa Kiingereza askari huyu huitwa tu mtu wa moto, wala jina halisemi kama anauzima au anauwasha. Kwetu kuuzima kumo ndani ya jina, kwa hiyo kejeli inatupiga tangu ukurasa wa kwanza.) Montag anaiba kitabu kimoja, halafu kingine, anavificha nyumbani, na maisha yake yanavurugika. Namba 451 ni nyuzi za Fareinihaiti, kama 233 za Selsiasi, ambazo kitabu kinasema ndizo karatasi hushikia moto. Kwa kweli hilo hutegemea aina ya karatasi, lakini kama jina la kitabu, limekaa vizuri.

Bradbury hakusoma chuo kikuu. Shule yake baada ya sekondari ilikuwa maktaba. Hata rasimu ya kwanza ya riwaya hii aliiandikia chini ya maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles, kwenye taipureta za kukodi. Ulikuwa unatumbukiza senti 10, unapata nusu saa. Alisema ilimgharimu dola 9 na senti 80, yaani kama saa 49 za kugonga herufi huku sarafu zikiliwa. Riwaya kamili ilitoka mwaka 1953, miaka 20 baada ya wanafunzi wa Kinazi kuchoma vitabu hadharani mjini Berlin, na wakati Seneta Joseph McCarthy akiwasaka watu aliowashuku kuwa wakomunisti.

Kwa nini basi mchapishaji akafanya hivyo? Serikali haikuagiza. Soko la shule ndilo lilikuwa mbele ya macho: kitabu kikiingia darasani, huuzwa mwaka baada ya mwaka, na mzazi mmoja akilalamikia neno moja, shule nzima inaweza kukiacha. Wahariri wakaona heri kumtangulia mlalamikaji.

Na jambo hilohilo limeelezwa ndani ya riwaya. Kapteni Beatty, mkubwa wa Montag, anakuja kumtembelea nyumbani Montag akiwa kitandani akisema anaumwa, na kitabu kimefichwa chini ya mto. Beatty anakaa, anawasha kiko chake, anasimulia kazi yao ilivyoanza. Haikuanzia serikalini, anasema. Watu walitaka mambo mafupi na ya kuchekesha. Kila kundi likachukizwa na ukurasa wake. Waandishi na wachapaji wakapunguza hapa, wakalainisha pale. Moto ulikuja baadaye kabisa, kumalizia. Kwangu hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote kitabuni, na inauma kwamba yamo kinywani mwa adui. Nashangaa mhariri aliyekaa na kalamu juu ya kurasa hizo alijisikiaje, kama alijisikia chochote.

Kilichofanya mkato huu udumu ni kimya. Hakuna mahali kwenye kitabu palipoandikwa kwamba maneno yamebadilishwa. Hadi mwaka 1973 toleo la watu wazima na lile la shule yaliuzwa sambamba. Kisha lile kamili likaacha kuchapwa, na kwa miaka sita ukinunua nakala mpya ya kampuni hiyo, ulipata iliyokatwa. Mtu akiona kitabu kinachomwa atapiga kelele. Lakini akisoma kuhusu mgonjwa, atajuaje kwamba jana alikuwa mlevi? Labda aweke nakala mbili mezani na kuzilinganisha mstari kwa mstari.

Bradbury aligundua mwaka 1979, na kwa maelezo yake ni wanafunzi waliomwandikia. Alidai kitabu chake kirudishwe kama kilivyokuwa, na mwaka 1980 toleo kamili likapatikana tena. Matoleo yaliyofuata yalibeba nyongeza yake ya hasira, ambamo anasema kuna njia zaidi ya moja ya kuchoma kitabu.

Kwa hiyo ukikuta nakala kuukuu ya Ballantine kwa muuza vitabu vya mitumba, na ukurasa wa haki za uchapishaji unaonyesha ilichapwa kati ya 1973 na 1979, inunue. Kisha uisome ukitafuta kitovu. Ukikuta masikio, unayo mkononi.