Babu yako si "notorious"

Wiki hii nimeulizwa mara nne: "Mwalimu, naomba maneno magumu, nataka Kiingereza changu kiwe cha juu." Wa nne alikuwa kijana wa kidato cha sita anayekuja kwangu tuisheni hapa Mwanjelwa. Akafungua kaunta buku lake: kushoto neno la Kiingereza, kulia Kiswahili chake, neno moja kwa neno moja, kuanzia A mpaka katikati ya P. Kazi ya miezi, na mwandiko safi. Kisha akanipa insha juu ya babu yake, mzee wa kanisa kule Tukuyu. Inaanza hivi: "My grandfather was notorious for helping widows."

Masikini babu wa watu! Daftari lilisema "notorious: maarufu", basi. Halikusema maarufu kwa ubaya. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaweza kusema babu yako ni mzee wa kanisa sugu?" Akacheka mpaka akaziba mdomo. Sugu ni mwizi, ni jambazi, ni malaria isiyosikia dawa. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani. Amelisikia neno likiandamana na wenzake tangu utotoni.

Ndipo ninapokereka. Watu wanaamini msamiati wa juu ni kung'oa neno la kawaida na kupachika adimu: toa begin, weka commence. Maneno hayabadilishani viti namna hiyo. Kiingereza kimejengwa kwa matabaka. Chini kuna lugha ya Waanglo-Saksoni. Mwaka 1066 wakaingia Wanormani, Kifaransa chao kikawa lugha ya wakubwa na mahakama. Kilatini cha wasomi kikaongezeka. Ndiyo maana kuna ask, question na interrogate, na hilo la mwisho lina harufu ya kituo cha polisi. Sisi tuna kufa, na tuna kufariki tulilolitoa Kiarabu. Nenda sokoni useme kuku wako amefariki, uone watu watakavyokutazama.

Halafu kuna maneno yanayotembea pamoja. Chai ikikolea, Waingereza husema strong tea. Powerful tea hawasemi, ingawa kamusi inayapa yote mawili maana ya nguvu. Mvua kwao ni heavy, upepo ni strong. Ukitafuta sababu utachoka bure. Ni mazoea, kama sisi tunavyopiga simu, tunavyopiga pasi, tunavyopiga deki. Mgeni akisema "nimefanya pasi" tunamwelewa, ila papo hapo tunajua ni mgeni.

Idadi niipitie upesi. Anza na maneno 2,000 ya kila siku. Fuatia orodha ya maneno ya kitaaluma ya mtafiti wa msamiati Averil Coxhead ya mwaka 2000, familia 570 za maneno. Analyse, analysis na analytical ni familia moja. Hizo zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Kusoma riwaya au gazeti bila kukwamakwama, mtafiti mwingine wa msamiati, Paul Nation, alikadiria mwaka 2006, kunataka familia 8,000 hadi 9,000.

Kwa miaka mingi nilipiga marufuku orodha: soma vitabu, maneno yatakuja yenyewe. Siku hizi nina shaka na msimamo huo. Neno adimu, la huko kwenye maelfu ya juu, huenda likatokea mara moja katika riwaya nzima, na mwanafunzi anayegombea nakala tatu za kitabu na darasa zima atakutana nalo tena lini? Kadi zinazopitiwa leo, keshokutwa, kisha wiki ijayo, nimeona zinashika. Ila kadi iwe na sentensi nzima, neno likiwa na wenzake. Kadi yenye neno moja kila upande ndiyo iliyomharibia babu jina.

Tukarudi kwenye daftari. Akafuta "maarufu", akaandika "a notorious thief, mwizi sugu". Kwenye insha akaandika upya: "My grandfather was known for helping widows." Known, neno la kidato cha kwanza. Nikaweka tiki. Yeye akashika kalamu, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kutoka P.