Je, wajua kwa nini mkato haushiki sentensi mbili za Kiingereza?

Andika "Mvua ilikatika, tukaondoka" na hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayeigusa kwa kalamu nyekundu. Ihamishie Kiingereza pamoja na mkato wake, "The rain stopped, we left", na tayari umefanya kosa ambalo wasahihishaji wa insha, barua za maombi ya kazi na tasnifu hukutana nalo kila mara. Maneno ni sahihi, nyakati ni sahihi, tahajia haina doa. Imekuwaje basi lugha moja iukubali mkato ule na nyingine iukatae?

Jibu limo ndani ya kitenzi. "Tukaondoka" ina -ka-, na hiyo -ka- humwambia msomaji kwamba tendo hili lilifuata lile lililotangulia. Fundo limeshafungwa, mkato unabaki kuwa mahali pa kuvuta pumzi tu. Ndiyo maana masimulizi yetu hutiririka: alifika, akabisha hodi, akakaribishwa, akaketi. Kitenzi "left" hakina kiungo cha namna hiyo. "We left" ni sentensi kamili isiyomtegemea mtu, na ukiibandika kwenye sentensi nyingine kamili kwa mkato mtupu, hakuna kinachozishika pamoja.

Hata majina ya alama yanasema hivyo. Mkato umetokana na kukata, na neno la Kigiriki lililozaa jina lake la Kiingereza, komma, nalo lilimaanisha kipande kilichokatwa. Kazi yake ni kutenga vipande ndani ya sentensi moja. Kuunga sentensi mbili ni kazi ya nukta mkato, ile alama yenye nukta juu na mkato chini. Umbo lake la leo lilitoka Venice miaka ya 1490, katika kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius, kwa sababu wachapaji walihitaji kituo kizito kuliko mkato lakini chepesi kuliko nukta.

Jinsi ya kulinasa kosa hili: funika kwa kidole kila kilicho kulia kwa mkato, usome kushoto peke yake. Kisha funika kushoto, usome kulia. Iwapo kila upande una kiima chake na kitenzi chake chenye wakati, wala haukuanza na neno kama "because", "when", "if" au "although", basi hizo ni sentensi mbili na mkato pekee hautoshi. Wengi huponzwa na viwakilishi. Katika "I bought a phone, it does not work", neno "it" linarejelea simu, kwa hiyo mtu hudhani limeshaunganisha. Kimaana ndiyo, kisarufi hapana. "It does not work" inasimama kwa miguu yake yenyewe.

Dawa ziko nne. Ya kwanza na salama kuliko zote ni nukta: "I bought a phone. It does not work." Ya pili ni kuuacha mkato mahali pake na kuuongezea kiunganishi: "I bought a phone, but it does not work." Viunganishi vyenye nguvu hiyo ni saba tu, yaani "for", "and", "nor", "but", "or", "yet" na "so", na mkato hukaa kabla yake. Kuandika "but, it does not work" ni kosa jingine jipya, linalotokana na kufuata pumzi ya msemaji badala ya muundo. Ya tatu ni kuugeuza upande mmoja uwe kishazi tegemezi: "Although the phone is new, it does not work." Hapa kuna jambo la kuangalia. Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato unahitajika. Kikija nyuma, mara nyingi hauhitajiki. Ndiyo maana tunaandika "When the rain stopped, we left" lakini "We left when the rain stopped". Dawa ya nne ni nukta mkato: "I bought a phone; it does not work."

Hiyo ya nne ina ladha yake. Ukiweka nukta mkato unamwambia msomaji kwamba kauli hizi mbili ni jirani na kwamba anaweza kuuona uhusiano wao bila kuelezwa. Inafaa pale upande wa pili unapotoa sababu, matokeo au kinyume cha ule wa kwanza: "The north is dry; the coast is humid." Haifai pale mambo mawili hayahusiani, hata kama sarufi inaruhusu. Baada yake neno huanza na herufi ndogo, isipokuwa kama ni jina maalumu au "I". Wanaojifunza alama hii hupenda kuimwaga kila mahali kama chumvi. Mbili kwa ukurasa zinatosha kabisa, na ukiwa na shaka, nukta haijawahi kumharibia mtu sentensi.

Kosa sugu kuliko yote, hata kwa waandishi wazuri, ni la "however". Kwetu "lakini" na "hata hivyo" vinakaribiana mno kwa maana, kwa hiyo mtu huandika "The bus was late, however we arrived on time". Kwa Kiingereza "but" ni kiunganishi, ilhali "however" ni kielezi. Utajuaje? Jaribu kulihamisha neno. Unaweza kusema "we arrived on time, however" au "we, however, arrived on time". "But" haihami, ukiipeleka mwisho wa sentensi kama ile, sentensi inavunjika. Neno linaloweza kuhama namna hiyo haliwezi kushika sentensi mbili, kwa hiyo linahitaji nukta mkato au nukta mbele yake na mkato nyuma yake: "The bus was late; however, we arrived on time." Katika kundi hilo wamo pia "therefore", "moreover", "nevertheless" na "consequently".

Kosa la pili tunalolirithi kutoka kwenye lugha yetu linahusu "and". Tazama "Amina alifungua mlango na akaondoka". Kiambishi a- kinajirudia kwenye kila kitenzi, kwa hiyo kila kitenzi chetu kinabeba kiima chake mgongoni. Kwa Kiingereza ni "Amina opened the door and left". Kiima ni kimoja, vitenzi viwili, hakuna mkato. Kiima kipya kikijitokeza baada ya "and", mkato unarudi: "Amina opened the door, and Juma left." Angalia tu neno linalofuata "and". Likiwa ni kitenzi, acha mkato. Likiwa ni kiima kipya chenye kitenzi chake, uweke, ingawa sentensi zikiwa fupi sana wengi huuacha na hakuna anayelalamika.

Kwa jambo hilohilo la pumzi, watu hukata kati ya kiima kirefu na kitenzi chake: "The students who failed the test, must repeat it." Ukiisoma kwa sauti unapumua hapo, kweli, lakini mkato huo umemtenga mtendaji na tendo lake. Uondoe. Vivyo hivyo usiweke mkato kabla ya "that" katika "He said that he was ill", hata kama umezoea kuuona kabla ya "kwamba".

Mikato miwili inayofanya kazi kama mabano ndiyo yenye uzito mkubwa wa maana. "My brother who lives in Mombasa has arrived" inadokeza kwamba una kaka zaidi ya mmoja, na aliyefika ni yule wa Mombasa. "My brother, who lives in Mombasa, has arrived" inadokeza kwamba kaka ni huyo mmoja, na Mombasa ni habari ya ziada. Kiswahili cha "kaka yangu anayeishi Mombasa" mara nyingi huuachia muktadha kuamua. Kiingereza kinakutaka uamue kwa alama. Ukiifungua mikato hiyo, ifunge. Kasoro ya kawaida ni kuweka wa kwanza na kusahau wa pili.

Je, kuna wakati mkato mtupu unaruhusiwa kati ya sentensi kamili? Upo, pale zinapokuwa fupi, zenye muundo mmoja, na kwa kawaida tatu au zaidi. Mfano maarufu ni maneno ya Julius Caesar kwa Kiingereza: "I came, I saw, I conquered." Yatafsiri kwa Kiswahili uone -ka- inavyorudi kazini: nilikuja, nikaona, nikashinda.

Kwenye orodha, mabishano ni juu ya mkato unaotangulia "and" ya mwisho: "rice, salt, and oil" au "rice, salt and oil"? Vitabu vingi vya Marekani huuweka. Magazeti mengi ya Uingereza huuacha. Fuata mtindo wa shule, ofisi au mchapishaji wako na usichanganye. Lakini panapokuwa na utata, uweke. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, katika jimbo la Maine, Marekani, walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilizinyima malipo hayo kazi kadhaa, na orodha yake iliishia na "packing for shipment or distribution of". Je, kusambaza ilikuwa kazi inayojitegemea kwenye orodha, au ni kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza? Madereva walikuwa wakisambaza, si kufungasha. Kabla ya "or" hapakuwa na mkato. Tarehe 13 Machi 2017 mahakama ya rufaa iliona kifungu kina utata na ikauamua kwa faida ya madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Wabunge wa Maine walikiandika upya kifungu hicho, na safari hii walitenganisha kazi kwa nukta mkato, hadi kufikia "packing for shipment; or distributing of".

Hiyo ndiyo kazi ya pili ya nukta mkato: kutenganisha vitu vya orodha pale vitu vyenyewe vina mikato ndani yake. "We visited Arusha, Tanzania; Kisumu, Kenya; and Jinja, Uganda" ni miji mitatu. Weka mikato mitupu na msomaji anahesabu mahali sita. Kinyume chake, usiitumie kufungulia orodha. "I bought three things; rice, salt, and oil" ni kosa, kwani hapo ni pa nukta pacha. Wala usiiweke baada ya kishazi tegemezi, kama katika "Although it rained; we left", ambapo mkato wa kawaida ulitosha.

Kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosomea Kifaransa: kule nukta mkato hutanguliwa na nafasi ndogo. Kiingereza hakina nafasi hiyo. Alama hubandikwa kwenye neno, kisha nafasi moja hufuata.

Unapohakiki kazi yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F, uandike mkato, nafasi, kisha "it". Pitia kila palipotokea kwa jaribio la kidole. Rudia kwa "they", "this", "we", "however" na "therefore". Ukimaliza hayo, tafuta nukta mkato zenyewe, moja baada ya nyingine, na pale ambapo si orodha, uhakikishe kila upande unaweza kusimama peke yake.