Degedege Bagamoyo, hesabu Rufiji: namna ya kujifunza utafiti wa afya

Andiko la utafiti la mwanafunzi wa sayansi za afya mara nyingi huwa na watu 384. Mada yaweza kuwa shinikizo la damu, lishe ya wajawazito au matumizi ya vyandarua, lakini sampuli ni ileile, imevaliwa kama hirizi. Namba hiyo ina asili yake. Zidisha 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kwa 1.96, kisha kwa 0.5 na kwa 0.5 tena, gawanya jibu kwa 0.0025, yaani 0.05 mara 0.05. Unapata 384. Inakufaa pale unapotaka kukadiria kiwango cha jambo moja katika jamii kubwa, kiwango chenyewe hukijui, na unaridhika na makadirio yanayoweza kupanda au kushuka kwa asilimia 5. Tena watu hao wawe wamechaguliwa kwa bahati nasibu mmoja mmoja. Ukianza kwa kuchagua vitongoji ndipo uchague kaya, hawatoshi, maana majirani hufanana. Wengi huzidisha idadi hiyo kwa 1.5 au 2. Ukitaka kulinganisha makundi mawili, kanuni ni nyingine.

Na kama unataka kujua kwa nini mzazi alikaa siku mbili na mtoto mgonjwa nyumbani, 384 haina kazi hapo. Swali ndilo linalochagua mbinu. Wanafunzi wetu wengi hufanya kinyume: wanachagua dodoso kwanza, halafu wanatafuta cha kuuliza.

Kuna mfano wa hapa Tanzania unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa malaria wilayani Bagamoyo walikaa na wazazi na waganga, wakauliza jinsi homa zinavyotofautishwa. Walikuta kwamba homa ya malaria ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa kawaida, wa hospitali. Degedege ilikuwa habari nyingine. Mtoto anashtuka, macho yanageuka, viungo vinakakamaa. Chanzo kinatajwa kuwa shetani, au ndege apitaye usiku. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa ya kienyeji, kufukiza na kuogesha dawa, na sindano iliogopwa sana, kwani ilisemwa mtoto mwenye degedege akidungwa hufa. Kwa daktari, mtoto mdogo mwenye homa na degedege katika ukanda ule alipaswa kushukiwa kwanza kuwa na malaria kali.

Sasa chukua dodoso lililoandikwa ofisini bila kujua hayo: “Mtoto wako alipougua malaria mara ya mwisho, ulimpeleka wapi?” Mama ambaye mwanawe alipatwa na degedege mwezi uliopita atajibu kwamba mwanawe hakuugua malaria. Karani ataruka maswali yanayofuata kama alivyoelekezwa. Data itaingizwa kwenye kishikwambi bila kosa hata moja, itachambuliwa vizuri, na tukio lenyewe halitakuwamo. Hakuna programu ya takwimu itakayolirudisha.

Utafiti wa kimaelezo, yaani wa mahojiano na simulizi badala ya hesabu, hukuonyesha mapema jinsi watu wanavyouita ugonjwa, ila una ufundi wake, na ninachukia kusikia ukiitwa utafiti rahisi wa wasiojua hesabu. Tuseme mama anasimulia kwamba usiku mtoto alishtuka, macho yakapanda juu. Mhojaji asiye na subira anadakia: “Kwa hiyo mkaenda kwa mganga?” Mama ana heshima zake, atasema ndiyo, mazungumzo yamalizike. Aliyefundishwa vizuri anasema, “Pole, mama. Baada ya hapo ikawaje?” kisha ananyamaza. Katika ule ukimya ndipo wanapotokea bibi aliyezuia sindano, mume aliyekuwa safarini na nauli, na duka lililokuwa karibu kuliko zahanati. Wa kuhojiwa huchaguliwa kwa makusudi, si kwa kura: mama aliyewahi na aliyechelewa, bibi, mganga, mhudumu wa afya. Unaacha kuhoji pale mahojiano mapya yanapokuwa yanarudia yaliyokwisha kusemwa. Halafu unarudi kwenye maandishi, mstari kwa mstari, ukiyapa vipande majina na kuvikusanya katika mada. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, wala haifanyiki usiku mmoja kabla ya kuwasilisha.

Kosa la upande wa pili ni kugeuza simulizi kuwa kiwango. Habari za Bagamoyo zilipoenea, ilikuwa rahisi mtu kuhitimisha kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa waganga. Lakini watu waliochaguliwa kwa makusudi hawawezi kukuambia ni wangapi katika jamii wanafanya hivyo. Kujua wangapi, lazima uhesabu.

Wilayani Rufiji watafiti walihesabu. Huko kulikuwa na mfumo wa kufuatilia kaya moja baada ya nyingine, na kila kifo kilifuatwa na mahojiano na ndugu wa marehemu kuhusu dalili na safari ya matibabu. Watoto 320 wa chini ya miaka 5 waliokufa kwa malaria kati ya 1999 na 2001 walichambuliwa. Asilimia 78.7 walianzia tiba ya kisasa. Asilimia 9.4 walianzia tiba ya jadi, na asilimia 11.9 hawakupata tiba yoyote. Kuwepo au kutokuwepo kwa degedege hakukubadilisha mtiririko huo.

Je, Bagamoyo walikosea? Sioni hivyo. Walieleza imani zilivyo na jinsi zinavyomwongoza mzazi. Hawakusema ni wazazi wangapi. Rufiji nao walisema wangapi, katika wilaya nyingine na miaka kadhaa baadaye. Isitoshe, soma fasili kabla ya kushangilia asilimia: katika uchambuzi ule, tiba ya kisasa ilijumuisha dawa za malaria zilizonunuliwa dukani. Mtoto aliyepewa klorokwini ya dukani amehesabiwa upande mmoja na aliyefikishwa kituo cha afya. Na klorokwini ilikuwa imechoka, vimelea vya malaria vimeizoea, kiasi kwamba Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Kwa hiyo lawama zinahama kutoka kwa mama na kwenda kwenye dawa, umbali na huduma.

Tazama pia hizo asilimia zimetoka wapi. Zimetoka kwenye simulizi za wafiwa. Mtu alikaa mkekani akasikiliza, akaandika nani alikwenda wapi na lini, ndipo simulizi zikapangwa na kuhesabiwa. Ukuta tunaoujenga darasani kati ya mbinu hizi mbili, uwandani ni mfupi sana.

Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili aanzie kwenye zile asilimia 11.9, watoto kama 38 hivi ambao hawakupata tiba yoyote. Hesabu imeshaonyesha kwamba walikuwepo. Familia za namna hiyo leo zinazuiwa na nini: usiku, mvua, fedha, au ugonjwa kwenda kasi kuliko miguu? Hapo weka dodoso kando, omba kibali cha maadili, na uende na daftari na kinasa sauti.